Nani Ainame Kwanza

8 Februari

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, cherehani yako na mgongo wako mko salama. Sisi huku hatujambo. Paka amezaa juu ya kabati la vyombo na hataki kushuka, na jirani amenunua spika kubwa kuliko mlango wake, kwa hiyo sasa tunasikiliza taarifa ya habari ya kwake tupende tusipende. Kazini bado natengeneza meno ya bandia. Wiki hii bwana mmoja amenirudishia seti yake, anadai meno yanacheka hata pale yeye mwenyewe amenuna. Nimemweleza kwamba meno hayana akili ya kununa, hajaridhika.

Mama hajambo pia. Najua hukuuliza.

Sasa nije kwenye shida yangu. Unakumbuka nilipokuambia kwamba najifunza taekwondo, ule mchezo wa Kikorea wa kupigana kwa mateke, ukanijibu kuwa mtu anayeshinda na meno ya watu mkononi hana haja ya kwenda kung'oa mengine. Basi nimefika mkanda mwekundu. Mwezi wa tisa, nikijaliwa, nitafanya mtihani wa mkanda mweusi. Mwalimu wetu amepokea wanafunzi wapya na nguo za dukani haziwafai: mikono mirefu, suruali fupi, mtu akivaa anaonekana kama ameazima kwa watu wawili tofauti. Nguo hiyo inaitwa dobok. Nimemwambia Mwalimu kwamba nina fundi. Nakutumia moja ya mfano, pamoja na vipimo vya watu wanne.

Usicheke nikikueleza mambo ya huko ndani. Ukifika mlangoni unavua viatu, unavipanga vizuri, halafu unauinamia ukumbi. Hata kama hakuna mtu. Siku ya kwanza nilidhani yupo mzee fulani nisiyemwona, nikaongeza na hodi. Kitu chochote unakipokea kwa mikono miwili. Nguo ikilegea, huifungi ukiwa umemtazama mwalimu au bendera. Unageuka ukatazama ukuta wa nyuma, unajirekebisha, ndipo unarudi. Na mstari unapangwa kwa mkanda, si kwa umri. Tuna meneja wa benki mwenye mvi anayesimama nyuma ya binti wa darasa la nne, na huyo binti ndiye anayemfundisha kufunga fundo. Meneja anainama na kusema asante. Nimemwona kwa macho yangu.

Siku ya mtihani nataka watu wawili tu wa kwangu wawe ukumbini, Mama na wewe. Nimeshasema. Tafadhali usiichane barua kabla ya kuchukua vipimo.

Mwanao,
Pini


27 Februari

Mwanangu Pini,

Marahaba. Barua sikuichana, niliikunja tu kwa hasira kidogo, kisha nikaikunjua na kuipiga pasi. Bado nakuita Pini ingawa umekuwa mtu mzima wa kutengeneza meno ya watu, maana mimi ndiye niliyekulea wakati mama yako yuko zamu hospitalini, na wewe ndiye uliyekuwa ukikaa chini ya meza yangu ya kukatia na kunishikia pini mpaka unasinzia nazo mkononi. Mgongo wangu haujambo. Cherehani inalia kama mbuzi lakini inashona. Sasa ni msimu wa sare za shule na kila mzazi anataka ya mwanawe itangulie.

Nisalimie paka na wanawe. Nisalimie jirani na spika yake. Nisalimie bwana wa meno, mwambie mimi nipo upande wake. Wa kusalimiwa wameishia hapo.

Najua unachotaka, na nakujibu waziwazi ili tusizungushane. Wewe siku ile ulikuwa mdogo, akili yako yote ilikuwa kwenye keki, hukusikia vizuri. Mimi nilimshonea mama yako gauni la kuvaa kwenye arusi ya binamu yetu. Kitambaa cha buluu chenye maua meupe, nilikichagua mwenyewe, nikakaa nacho hadi kikanikaa machoni. Mama yako, Matroni mzima, mkuu wa wauguzi, akasimama katikati ya ukumbi mkono kiunoni, akawaambia wageni, “Mdogo wangu kanishonea pazia, naona dirisha kalisahau kwake.” Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wenye nguo zangu mwilini walicheka. Nilitoka kabla keki haijakatwa.

Tangu siku hiyo sijampa shikamoo, na yeye hajawahi kuuliza imekwenda wapi. Ndiyo, mimi ndiye mdogo na mdogo ndiye anayeamkia. Lakini aliyechekwa ni mimi. Nilikula kiapo kwamba sitakanyaga mahali alipo mpaka aanze yeye, na kiapo changu hakijachakaa. Iliniuma, Pini. Bado inauma nikiona kitambaa cha maua.

Tena usinipigie simu kwa mambo haya. Simu yako ina masikio ya mama yako. Weka barua kwenye mzigo wa basi kama watu wazima.

Kuhusu dobok: mfano wako ulikuwa umeshonwa na mtu mwenye haraka. Huku kwetu kuna ukumbi wa mchezo huohuo, juu ya duka la dawa, nikapanda kwenda kuangalia jinsi suruali inavyokatwa katikati ya miguu, maana mtu anayerusha teke hadi sikioni anahitaji nafasi. Mwalimu wao ni mama mmoja mwenye sauti ndogo. Akaniambia ruksa kutazama ila nivue viatu, niuinamie ukumbi na nipite nyuma ya watu, si mbele yao. Nikamwambia mimi ni fundi tu, nimekuja kuangalia mshono. Akasema ukumbi hauna habari na kazi ya mtu. Basi nikainama. Mgongo ulilia kuliko cherehani.

Nguo zote nne zimo humu. Nyeupe tupu ilikuwa imepooza mno, kwa hiyo nimewawekea wote kola nyeusi. Wamependeza hao.

Mama yako mdogo


19 Machi

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na nguo tumezipokea kwa mikono miwili. Paka ameshuka kabatini, sasa yuko ndani ya sufuria kubwa. Bwana wa meno amefurahi kusikia ana mtu wa kumtetea na ameirudisha seti tena.

Mama Mdogo, kola nyeusi huvaliwa na wenye mkanda mweusi peke yao.

Kosa ni langu, sikukuambia. Lakini ungekuwepo siku ile ungevunjika mbavu. Wanafunzi wapya walivaa, wakajitazama kwenye kioo, na vifua vikatoka mbele. Mmoja ambaye hajamaliza hata mwezi alianza kunisahihisha mimi teke langu. Meneja wa benki aliwainamia wote wanne mlangoni, mmoja baada ya mwingine, kabla hajaona mikanda yao ni myeupe. Mwalimu aliingia, akatazama, akatoka nje kunywa maji. Aliporudi alisema kwa upole kwamba fundi wetu ana moyo mkubwa na kwamba kola zifumuliwe. Nazirudisha. Ila ameniomba nikuambie hajawahi kuona suruali zilizokatwa vizuri hivyo, na hilo sikulitia chumvi.

Nilimuuliza Mama habari ya pazia. Aliweka kisu chini akasema vitunguu vinamwasha macho, akaenda kunawa. Alikuwa anakata karoti.

Kuna mwanafunzi mwingine mpya, mtu wa makamo. Anaona haya kupimwa kwa utepe mbele ya watu, kwa hiyo ametuma gauni lake la zamani lililomkaa vizuri, ushone dobok kwa kufuata kipimo cha gauni hilo. Amelifunga mwenyewe kwenye mfuko wa karatasi na amenikataza kuufungua. Nimeutia kwenye mzigo jinsi ulivyo. Tafadhali usiniulize ni nani. Nimeahidi.

Mtihani ni mwezi wa tisa, mwishoni. Nakukumbusha tu.

Mwanao,
Pini


2 Juni

Mwanangu Pini,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nakiri, na sababu si sare za shule. Wasalimie wote niliowataja mara ya kwanza.

Kola nimezifumua. Vipande vyeusi nimevihifadhi, situpi kitambaa kizuri.

Mfuko wa karatasi niliufungua siku ileile ulipofika, kisha nikaufunga tena nikauweka juu ya rafu, na juu ya rafu ukakaa. Kila nikikata nguo ya mtu mwingine nilikuwa nauona. Mwambie huyo mwanafunzi wako mwenye haya kwamba gauni lake la buluu lenye maua meupe nimelitambua kabla sijalitoa lote. Fundi hasahau mshono wake. Nimelitandaza mezani na kulitazama ndani na nje. Viwiko vimepauka kabisa. Kwapa limeshonwa upya kwa mkono, na aliyeshona hajui kushona. Vifungo viwili si vyangu. Chini kuna doa la dawa ya hospitali. Gauni hili limefuliwa mpaka maua yamechoka.

Pini, mtu havai pazia mpaka likapauka viwiko.

Zaidi ya hapo sina la kusema, na wewe usijaribu kunisemesha. Dobok nimeishona. Bega la kushoto nimelishusha kidogo maana liko chini kuliko la kulia, tangu utotoni, alikuwa anabebea ndoo upande huo. Gauni nalirudisha. Pindo lilikuwa limefumuka nikalishika, na kwapa nimeliondoa lile balaa nikashona vizuri. Mwenyewe asidhani ni salamu. Ni kazi tu, siwezi kuachia nguo yangu itoke ikiwa na kwapa la aibu.

Nina swali moja la kitaalamu. Kwa nini mkanda haufuliwi? Mimi nilikuwa nimeshauloweka nikakemewa. Halafu niambie mnapaka nini magotini.

Mama yako mdogo


20 Juni

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Kila mtu hajambo, paka na wanawe wako kwenye sufuria, basi, sasa tuzungumze. Uliloweka mkanda wa nani? Na magoti ya nani yanahitaji kupakwa?

Mkanda haufuliwi kwa sababu, wanavyosema, jasho lako ndilo kumbukumbu ya ulichojifunza, ukiufua unaanza upya. Mama aliposikia hivyo alimwambia Mwalimu kwamba kumbukumbu ya namna hiyo hospitalini inaitwa vijidudu.

Ndiyo, ni yeye. Umeshamjua, ahadi yangu haina kazi tena. Daktari alimwambia atafute mazoezi, akanifuata ukumbini akiwa na chupa ya maji na taulo. Siku ya kwanza alipita mstari mzima akikagua kucha za watu, akamalizia na za Mwalimu. Aliambiwa mkanda mweupe husimama mwisho. Alisema amesimamia wodi tatu na hajawahi kusimama mwisho hata kwenye foleni ya chakula. Lakini alisimama. Binti wa darasa la nne alimrekebisha fundo, na Mama akamwambia asante, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia nyumbani.

Mtihani wa mkanda wa njano ameukataa. Mwalimu wetu alizaliwa mikononi mwake, na Mama anasema hawezi kupimwa na mtu aliyemkata kitovu. Kwa hiyo mpaka leo ni mweupe.

Mama Mdogo, mimi sikujua mfuko ule una nini. Nilimwambia tu dobok yake itashonwa na wewe, nikadhani atakataa. Alikwenda chumbani akakaa muda, akatoka na ule mfuko. Na gauni liliporudi, aliligeuza nje ndani akatazama kwapa. Amelivaa Jumapili yote, hata kupikia.

Njoo mwezi wa tisa. Nitakuwa naogopa, na nikiogopa mimi bado ni yule wa chini ya meza yako. Nakuhitaji.

Mwanao,
Pini


11 Agosti

Mwanangu Pini,

Marahaba. Mkanda niliouloweka ni wangu. Haya, cheka, ukimaliza uendelee kusoma.

Nilirudi kule juu ya duka la dawa kuwashonea na wao. Mwalimu mwenye sauti ndogo akaniambia fundi asiyeinua mguu hawezi kujua suruali inapobana. Nikaona ni maneno ya kweli, nikainua mguu. Haukwenda mbali. Sasa unafika kiunoni pa mtu mfupi, na mwezi uliopita nimepewa mkanda wa njano. Nilivunja na ubao. Ulikuwa mwembamba, lakini ulivunjika, na nimeuhifadhi.

Napenda mambo yao, siwezi kukuficha. Napenda kwamba mtu akikupa kitu anakupa kwa mikono miwili, hakurushii. Napenda kwamba ukiwa na shida na nguo yako unaruhusiwa kugeukia ukuta na hakuna anayekutazama. Laiti siku ile ya arusi ningeupata ukuta kama huo.

Nitakuja. Nimeweka sare za watu pembeni na nitapanda basi la usiku. Lakini tusikilizane: nakuja kwa ajili yako. Nitakaa kiti cha nyuma. Kuamkia kwanza siamkii. Na kama naye amekaza shingo, basi tutakaa wawili shingo ngumu, watu watadhani tumelala vibaya.

Humu ndani mna dobok yako ya siku hiyo. Kola ni vile vipande vyeusi nilivyofumua kwa wale wanne. Usiivae kabla hujafaulu, hata kwa kujaribu. Nami nimeanza kujua sheria.

Mama yako mdogo


30 Septemba

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na asante, na pole kwa safari. Nimefaulu na bado siamini. Kola yako nimeilalia jana, usimwambie Mwalimu. Bwana wa meno aliposikia nina mkanda mweusi aliiweka seti mdomoni akasema inamkaa vizuri sana.

Sasa nataka kujua, na nina haki ya kujua. Ulifika, ukaketi nyuma kama ulivyosema. Mwalimu akauona mfuko wako wa dobok akatangaza kwamba mwenye mkanda hakai kitini, wageni waingie mstarini. Mpaka hapo nilikuona, ukielekea chumba cha kubadilishia umekunja uso. Halafu sisi wa mtihani tukapangwa mbele kabisa, macho kwenye bendera, na aliye mbele hageuki. Unaijua hiyo. Hata nyumba ikiungua nyuma yako, hugeuki mpaka uambiwe.

Kwa hiyo niliyasikia kwa masikio tu. Nilisikia Mwalimu akiwaambia safu za nyuma zitazamane wawiliwawili kwa ajili ya salamu. Nikasikia mtu anahema. Ikafuata minong'ono mirefu nisiyoielewa, na Mwalimu hakutoa amri, alikuwa anangoja kitu. Kisha amri, kisha sauti kama ya nazi mbili kugongana, halafu kicheko ambacho sijakisikia tangu niko mdogo. Mwalimu alikohoa kwa nguvu akijifanya hakusikia. Mimi mbele kule sikujua nicheke au nilie.

Baadaye tulikula pamoja sisi watatu, nanyi mkaongea habari za uzi na shinikizo la damu kana kwamba mliachana juzi. Ukapanda basi lako. Nimemuuliza Mama kumetokea nini. Anasema, “Tuliinama tu, kama watu wengine.” Ana nundu kwenye paji la uso na hataki iguswe.

Niambie wewe.

Mwanao,
Pini


18 Oktoba

Mwanangu Pini,

Marahaba, mwenye mkanda mweusi. Ningesimama kuiandika barua hii kwa heshima yako ila magoti yamekataa. Mimi pia nina nundu, ila yangu inafichika na kilemba.

Nitakueleza mara moja, usije ukaniomba nirudie.

Nilitoka kubadilisha nguo nikaambiwa nisimame mwisho kulia. Njano hutangulia, nyeupe hufuata. Kushoto kwangu, kwenye nyeupe, alikuwa yeye, ndani ya dobok yangu, na bega limekaa sawasawa. Tukaambiwa tutazamane. Tukatazamana. Yeye ananingoja mimi maana ni mdogo kwa kuzaliwa. Mimi namngoja yeye maana yeye ni mdogo kwa mkanda, na pia maana nimeapa. Tungeweza kusimama pale hadi leo.

Mkanda wake ndio uliotuokoa. Fundo lilifumuka. Alivyo, hakutaka kuvunja sheria mbele ya watu, akageuka akautazama ukuta wa nyuma kujifunga. Nikaviona vidole vyake. Hukuniambia, Pini, kwamba vidole vya mama yako vimevimba viungo namna hiyo. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Na sheria inasema mwenye mkanda wa juu humsaidia wa chini. Sasa ningefanyaje? Nikaenda nikapiga magoti kati yake na ukuta, nikaushika mkanda, kama nilivyokuwa nikimpima zamani. Huko hakuna aliyetuona uso. Watu wote walikuwa wametazama kwingine, na mwalimu wenu naye alikuwa ghafla anapenda sana bendera.

Alinitazama kutoka juu akasema nimenenepa. Nikamwambia yeye amefupika. Nikakaza fundo. Nilipoinuka, akasema polepole kama mgonjwa anayeomba maji:

“Shikamoo.”

Nikamwambia, “Dada, umekosea. Mkubwa ni wewe.”

“Humu ndani mkubwa ni wewe,” akasema. “Una njano.”

Nilikuwa nimeingojea shikamoo hiyo miaka yote, na ilipokuja sikujua niishike wapi. Akaendelea bila kunitazama. Alisema siku ile ya arusi alipita mbele ya kioo akajiona amenenepa, akaogopa kwamba watu watamcheka, akaona bora aanze yeye kuwachekesha, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa gauni langu. Gauni lenyewe lilikuwa zuri, alisema, ndilo alilovaa siku aliyostaafu, na hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo isipokuwa mimi. Kisha akaniuliza kama nitamjibu salamu yake au ni mpaka apate njano.

Nikasema marahaba. Halafu nikampa ile yangu, ya miaka yote, moja tu ikatosha. Naye akaijibu. Tulirudi mahali petu tunapangusa macho kwa mikono ya dobok, na kwa sababu ya machozi hatukupima nafasi. Tulisimama karibu mno. Mwalimu alipotoa amri, tuliinama wote wawili kwa nguvu zetu zote, kwa pamoja, hakuna aliyetangulia. Zile nazi mbili ulizosikia ni sisi.

Basi, umejua. Sasa mzigo. Humu ndani mna gauni la mama yako. Kitambaa alinipa mwenyewe stendi ya basi, alikuwa amekificha kwenye lile taulo lake, na maua yake ni makubwa kuliko ya lile la kwanza. Huyu mtu hana hofu tena. Mkabidhi kwa mikono miwili. Mwambie ajaribu kulivaa akiwa ameutazama ukuta, asiharakishe. Na likimbana mahali popote, aniambie mimi.

Leo wa kusalimiwa wanaanza na dada yangu. Paka na wengine watanisamehe, karatasi imejaa.

Mama yako mdogo